Kusoma utabiri wa upepo wa Pangani kabla ya kushua chombo

Simu ikikuambia upepo ni kilomita 18 kwa saa, namba hiyo si ya Pangani hasa. Kompyuta za utabiri huigawa dunia katika miraba. Ile ya Kimarekani, GFS, mraba wake una upana wa kilomita 25 hivi, ya Ulaya, ECMWF, kama 9. Mraba mmoja unaweza kubeba minazi, mto na bahari kwa pamoja, na nchi kavu hupunguza kasi. Kazi yetu ni kuileta namba hiyo mlangoni mwa mto.

Hatua ya 1. Usiandike "Pangani" ukaishia hapo. Gusa ramani baharini, upande wa kisiwa cha Maziwe, usome upepo wa hapo.

Hatua ya 2. Kagua kipimo. "8" inaonekana ndogo, lakini ikiwa ni mita kwa sekunde, ni kilomita 29 kwa saa, na bahari imeshajaa povu jeupe. Noti 15, yaani maili 15 za baharini kwa saa, ni kilomita 28 kwa saa. Na upepo ukiongezeka mara mbili, tanga linasukumwa mara nne.

Hatua ya 3. Tazama saa. Programu ikionyesha UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, 12:00 yake ni saa 9 alasiri kwetu. Anayedhani ni saa 6 mchana hupanga kurudi saa 9 upepo ukiwa umetulia, kumbe ndipo umefika kilele.

Hatua ya 4. Upepo huitwa kwa unakotoka: digrii 135 (kusini-mashariki) ni kusi, 45 (kaskazini-mashariki) ni kaskazi. Mshale wa kwenye ramani huonyesha unakokwenda. Wakati wa kusi, kwenda Maziwe ni kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo, kurudi unasukumwa.

Hatua ya 5. Hapa kaa sana. Miezi ya kusi, alfajiri umande, upepo mwepesi wa nchi kavu, hutoka bara na bahari karibu na pwani hulala kabisa. Jua likipanda, nchi inapata joto, upepo wa baharini unaungana na kusi, na mchana unapata upepo usioufikiria asubuhi. Kisha angalia maji. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, hujaa karibu saa 10 jioni, halafu huanza kupwa. Mto unatoka, upepo unaingia, na mawimbi mlangoni yanasimama mafupi, yamekaribiana, yanavunjika ubavuni mwa chombo. Upepo wa kilomita 25 maji yakijaa unapitika. Huohuo maji yakipwa, mimi siingii na abiria. Programu ya upepo haikuonyeshi hilo, kwa hiyo siku za bamvua nahakikisha nimeshapita mlango kabla ya saa 10.

Hatua ya 6. Soma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wakitaja mkoa wa Tanga, upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ngalawa ibaki ufukweni, hata kama saa 12 asubuhi maji ni kama kioo. Huo ni umande tu.

Hatua ya 7. Weka daftari. Kila siku andika namba ya utabiri, saa, maji, na ulichokiona: povu lilianza saa ngapi, makuti yalilala upande gani. Baada ya msimu mmoja wa kusi na mmoja wa kaskazi, utajua uongeze kilomita ngapi juu ya namba ya simu yako.