Somo: kuanza C na kompaila ya bure, na kujua nani analalamika ndani yake

Assalam alaykum wanakikundi. Wiki hii vijana watatu hapa Langoni, Lamu, wameniuliza waanze C (lugha ya kuandikia programu) na kompaila gani (chombo cha kuigeuza C iwe programu inayoendeshwa), na mmoja keshashusha source code (maandishi asilia) ya GCC nzima, kompaila ya bure, anataka kuijenga mwenyewe kwanza ndio aitumie. Jamani msifanye hivyo. Mimi nilijaribu na laptopu ya RAM 2GB, ikakesha usiku kucha, asubuhi imekwama na bando limekwisha. Kompaila ishajengwa, wewe iweke tu.

Kwenye Linux ya Ubuntu ama Debian:

sudo apt update
sudo apt install build-essential

Hapo wapata gcc, g++, make na faili za laibrari ya C (kazi zilizotengenezwa tayari, kama printf) kwa mpigo mmoja. Kama huna laptopu, simu ya Android yatosha kabisa, weka Termux (app ya kuandikia amri kama za Linux) halafu pkg install clang, hiyo ni kompaila nyingine, na humo ukiandika gcc ndiyo itakayokujibu. Piga gcc --version, ukiona namba ya toleo basi ishakaa.

Sasa andika hii, iite kujaa.c. Sote twajua maji kila siku hujaa yakichelewa kama dakika 50 kuliko jana, basi tuipe kompyuta hesabu hiyo:

#include <stdio.h>
int main(void)
{
    int saa, dakika;
    printf("Leo maji yamejaa saa ngapi? ");
    scanf("%d %d", &saa, &dakika);
    dakika = dakika + 50;
    saa = saa + dakika / 60;
    dakika = dakika % 60;
    printf("Kesho: saa %d na dakika %d\n", saa, dakika);
    return 0;
}

Halafu:

gcc -Wall kujaa.c -o kujaa
./kujaa

Hiyo -Wall, yaani iambie kompaila itoe maonyo, usiiache hata siku moja. Ukisahau ile & kwenye scanf itakuonya mapema, bila ya kuonywa programu yaweza kukufia mkononi na usijue kwa nini.

Na hapa ndipo nataka mtulie. gcc ni kama msimamizi wa kazi, kazi yenyewe hupita hatua nne, na ukijua ni hatua gani inayolalamika nusu ya erori ushaimaliza. Kwanza yaliyomo ndani ya stdio.h hubandikwa kwenye faili yako, jaribu gcc -E kujaa.c uone mistari mia kadhaa inavyomwagika. Pili C hugeuzwa kuwa asembli (lugha iliyo karibu na ya mashine), gcc -S kujaa.c, fungua kujaa.s uitazame hata kama huielewi bado. Tatu asembla huigeuza asembli hiyo kuwa lugha ya mashine, faili kujaa.o, hiyo ni gcc -c kujaa.c. Nne ni linka, ambaye huzifunga .o zako pamoja na laibrari ikawa programu.

Kwa nini hatua hizi zisiwe moja? Waliofika Matondoni wameona jahazi linavyoundwa, mataruma huchongwa moja moja ndio yakafungwa, na taruma likioza hubadilishwa hilo hilo, chombo kizima hakibomolewi. Na .o ni vivyo hivyo: una faili kumi, umegusa moja, unakompaili hiyo moja halafu unalinki upya. Kujua ipi imeguswa ni kazi ya make, hutazama saa za faili, tutaifanya somo lijalo.

Erori zikija ishirini soma ya kwanza tu, irekebishe, kompaili tena. Alama moja ya ; ikikosekana yaweza kuzaa malalamiko mengi chini yake ambayo si makosa yako.

MASWALI

Ami, natumia Termux, imekompaili vizuri lakini ./kujaa yaniambia Permission denied, nimepiga chmod +x wapi.
– Bila shaka uko ndani ya Download mwanangu. Android hairuhusu programu kuendeshwa kutoka kwenye storeji ile, chmod haitasaidia. Nakili kwa cp kujaa.c ~ halafu cd, kompaili hapo nyumbani kwa Termux.

Nimeongeza hesabu ya cos nipate na bamvua, naambiwa undefined reference to `cos', na math.h nimeiweka. Nimetia -lm pia!
– Huyo ni linka dada, si kompaila. math.h yataja tu kuwa cos ipo, mwenyewe yuko kwenye laibrari ya hesabu. Na -lm iweke mwisho, baada ya jina la faili, linka husoma kwa mpangilio: gcc -Wall kujaa.c -o kujaa -lm

GCC au Clang, ipi bora?
– Kwa anayeanza yoyote. GCC aliitoa Richard Stallman mwaka 1987, Clang imekaa juu ya LLVM iliyoanza mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Illinois. Zote huru, amri karibu ni zilezile. Mimi nikikwama kwenye erori moja huikompaili kwa zote mbili, maelezo ya mmoja hufungua ya mwenzake.

Mwalimu nimetia 12 30 imeniambia kesho saa 13 na dakika 20. Mbona -Wall imenyamaza?
– Kwa sababu C yako ni sahihi, hesabu ndiyo yangu niliyoiacha nusu. Kompaila haijui kwamba saa zetu zaishia 12. Kabla ya printf ya mwisho ongeza if (saa > 12) saa = saa - 12; kisha ujaribu na 11 40 pia.