Kusikiliza neva kwenye mguu wa mende, hatua kwa hatua

Tafuta mende wakubwa wa chooni, wale wekundu ambao kitaalamu huitwa Periplaneta americana. Wadogo wa jikoni nao wana neva, ila kuwachoma pini pajani ni mateso. Aliyekutwa chali baada ya nyumba kupuliziwa dawa mwache. Dawa nyingi za kopo zina pairethroidi, ambazo huzuia milango ya sodiamu kwenye utando wa neva isijifunge kwa wakati. Utasikia kelele mfululizo bila kugusa chochote, kisha kimya.

Hatua ya 1: amplifaya. Ishara inayofika nje ya neva ni sehemu ndogo tu ya milivolti, hivyo ikuze kama mara 1,000. Weka chipu ya kukuza ishara, AD623, na rizista ya kiloomu 22 kati ya miguu yake namba 1 na 8. Ukuzaji ni 1 + 100/22, yaani 5.5. Usikuze zaidi hapa. Chuma cha pini utakazochoma kwenye mguu wa mende (hatua ya 2) kikigusana na majimaji ya mguu huo huzaa volti yake tulivu, nayo ikikuzwa sana huigandisha chipu kwenye volti ya betri.

Kutoka mguu namba 6 pitisha kapasita ya nanofaradi 47, kisha rizista ya kiloomu 10, uingie kwenye ingizo hasi la nusu ya kwanza ya TLC2272, chipu yenye amplifaya mbili ndani. Hapo umekata kila kilicho chini ya Hz 340 hivi. Kati ya ingizo hilo na tokeo lake weka megaomu 2.2 sambamba na pikofaradi 47: unakuza mara 220 na kukata juu ya Hz 1,500. Nusu ya pili ya TLC2272 itoe volti 4.5 ya katikati, kutokana na rizista mbili za kiloomu 100 zilizogawanya betri ya volti 9. Volti hiyo iende mguu namba 2 na namba 5 wa AD623, ingizo chanya la nusu ya kwanza, na pini ya pili. Pini ya kwanza iende mguu namba 3. Sauti itoke kupitia kapasita ya mikrofaradi 1 hadi AUX ya spika ya kuchaji, ikiwa imechomolewa kwenye chaja.

Hatua ya 2: mguu. Mzamishe mende kwenye maji ya barafu hadi aache kutikisika. Kata mguu wa nyuma karibu kabisa na mwili, upake mafuta ya mgando pale ulipokatwa usikauke. Ulaze juu ya kipande cha povu jeupe la kufungia TV. Pini moja ya cherehani ipite nyongani, nyingine pajani, zisigusane. Subiri dakika chache upate joto. Baridi huzubaisha neva.

Hatua ya 3: gusa mwiba mmoja wa muundi kwa njiti ya meno. Utasikia tak, tak-tak, kama bisi zinavyoanza kupasuka.

Chini ya kila mwiba kuna seli ya hisi. Ikiwa imetulia, ndani yake ni takribani milivolti 70 chini ya nje. Mwiba ukipinda, ioni chanya huanza kuingia. Ikifika kama −55, milango ya sodiamu hufunguka kwa mkupuo, ndani panaruka hadi karibu +30, kisha potasiamu hutoka na kuishusha. Yote hayo huchukua kama milisekunde moja, na tayari kipande kinachofuata cha aksoni, uzi mrefu wa seli unaobeba ishara, kimeshawaka.

Sasa bonyeza taratibu, halafu kwa nguvu. Mlio haukui, unaongezeka idadi. Neva haipazi sauti, inarudia. Ukisikia milio ya ukubwa tofauti, mara nyingi ni seli mbili: aksoni nene hutoa mlio mkubwa. Ukishikilia mwiba bila kuachia, milio hupungua yenyewe, seli imezoea.

Ukisikia mngurumo usiokatika, huo ni umeme wa ukutani wa Hz 50. Sokota nyaya za pini pamoja, zifupishe, ufunike mguu kwa kopo la biskuti lililounganishwa na pini ya pili. Simu weka mbali, hupiga kelele za vipindi. Na usidanganyike na mlio wa njiti kutikisa pini: gonga povu pembeni ya mguu, usikie tofauti.

Hatua ya 4: ondoa amplifaya, uunganishe pini na waya wa hedifoni ya simu, upige wimbo wenye besi nzito. Mguu utarukaruka. Mkondo unaamsha aksoni za kuendesha misuli; mwishoni mwake kalsiamu huingia, vifuko vya kemikali hupasuka, glutamati iliyomo huvuka mwanya kati ya neva na msuli, na msuli hujikunja. Kwako wewe kemikali ya kazi hiyo ni asetilikolini. Mguu ukicheza hivyo ilhali spika ilikuwa kimya, usiulaumu mguu: kagua nyaya za amplifaya, ukianzia volti ya katikati.