Wana Dodoma, acheni kurashia maua kila jioni

Jamani, mvua zikikata mwezi wa nne hapa kwetu ni kavu mpaka Desemba, na kila jioni nikipita mtaani namkuta mtu kashika mpira anarashia maua dakika mbili mbili, halafu Septemba ananipigia, bwana shamba njoo uone bogenvilia zangu zinakauka. Maji unatoa mengi tu! Ila yanaishia juu juu, kesho saa sita jua limeshayamaliza, na mizizi inayafuata hukohuko. Juzi nimeng'oa moja kwa mkono mmoja, mizizi yote imetanda juu kama mkeka.

Piga hesabu, lita 5 kwa shina kila siku ni lita 35 kwa wiki. Mimi nakwambia ndoo moja ya lita 20, mara moja kwa wiki. Wewe unayenunua maji ya boza unajua hizo lita 15 zina maana gani ukiwa na mashina kumi.

Chimba kisahani kuzunguka shina, upana sentimita 60, ukingo sentimita 10. Mwaga nusu ndoo, subiri inywe, ndo umalizie, na iwe asubuhi kabla ya saa mbili. Kesho yake chukua nondo ya milimita 10 uichomeke kwa mkono, penye unyevu inazama, pakavu inagoma. Ikigoma kabla ya sentimita 40 wiki ijayo ongeza maji. Na usiniambie umeangalia kwa macho, nimesema nondo.

Mche mpya ndo una ruhusa, mwezi wa kwanza lita 10 kila baada ya siku tatu, baada ya hapo unaingia kwenye ndoo ya wiki.

Tandaza majani makavu unene wa sentimita 7, ila yakae sentimita 10 mbali na shina, mchwa wa huku mnawajua wenyewe.

Kuhusu kupendeza: ukoka uachane nao, pale mbele mwaga changarawe, panda alovera na mkonge wa mapambo makundi makundi, bogenvilia ukutani, na yale maua yenye kiu yaweke sehemu moja tu karibu na baraza. Ukichanganya kila kitu na alovera, utaiozesha alovera.

Bogenvilia ikishazoea itajaa maua, ukiizidishia maji inakupa majani matupu.