Chumvi mapema, ndimu mwishoni: rojo moja la Jumapili kwa mapishi ya wiki nzima

Mtu anayeingia jikoni saa moja usiku akitoka kazini hashindwi na kupika. Anashindwa na kumenya vitunguu saumu. Hapo ndipo mkono unapokwenda kwenye kiungo cha paketi, na kuku wa Jumatatu anafanana na wa Alhamisi. Somo hili linaiondoa kazi hiyo katikati ya wiki: utasaga rojo la kitunguu saumu na tangawizi mara moja, kisha utakuwa unachota. Na kuna jambo moja nitalirudia, kwa sababu naona linapuuzwa majumbani mwetu: chumvi inataka muda, ndimu haitaki.

Hatua ya 1: Saga rojo la msingi

Menya gramu 200 za kitunguu saumu (vichwa vitano vikubwa hivi) na ukwangue gramu 100 za tangawizi. Saga kwenye blenda au twanga kwenye kinu pamoja na vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya kupikia na vijiko viwili vya chai vya chumvi. Usitie maji. Rojo la maji maji linaharibika upesi, na likiingia kwenye karai linarusha mafuta.

Nusu iweke kwenye chupa safi ya kioo ndani ya friji, uitumie ndani ya siku 4. Nusu nyingine igandishe kwenye trei ya barafu, kisha vipande uvihamishie kwenye mfuko. Kila kipande ni kama kijiko kimoja cha chakula. Tafadhali usiliache rojo hili mezani. Kitunguu saumu kilichofunikwa na mafuta kikikaa kwenye joto la kawaida kinaweza kuzalisha sumu ya botulizimu, ambayo haina harufu wala ladha ya kukutahadharisha.

Hatua ya 2: Tia nyama chumvi kabla ya kitu kingine

Unapoloweka nyama kwenye viungo, karibu kila kitu kinabaki juu juu: bizari, pilipili, kitunguu saumu, vyote vinaishia kwenye ngozi ya nyama. Chumvi peke yake ndiyo inayosafiri hadi ndani, na husafiri polepole. Kwanza inavuta maji ya nyama nje, inayeyuka humo, halafu inarudi nayo ndani. Ndiyo maana mtu anaweza kummwagia kuku viungo vya kila aina na bado akakuta minofu karibu na mfupa imepooza.

Kwa kilo moja ya kuku mwenye mifupa, tumia kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi ya kawaida. Chanja mapaja mara mbili tatu, pakaza chumvi, weka kwenye friji. Ukiweza fanya hivyo usiku wa kuamkia siku ya kupika. Ukikosa nafasi, hata saa moja inasaidia.

Hatua ya 3: Kuku wa mtindi

Changanya kikombe kimoja cha mtindi mzito, vijiko viwili vya chakula vya rojo, kijiko cha chai cha bizari nyembamba ya kusaga, nusu kijiko cha manjano, pilipili ya unga kwa kadiri ya watoto wako, na vijiko viwili vya mafuta. Mpake kuku uliyemtia chumvi. Mtindi una tindikali ya upole, kwa hiyo anaweza kulala humo usiku kucha bila kuharibika. Jioni pangusa mtindi uliozidi, maana ukibaki mwingi unaungua kabla kuku hajaiva. Choma kwenye oveni ya nyuzi 220 kwa dakika 35 hadi 45, au kwenye jiko la mkaa ambao moto wake umetulia. Choma kisu karibu na mfupa: majimaji yakitoka na wekundu, mrudishe.

Hatua ya 4: Mishkaki, na hadhari ya papai

Papai bichi lina kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama. Kijiko kimoja cha chakula cha papai lililokunwa kinatosha kilo moja ya ng'ombe, pamoja na chumvi na vijiko viwili vya rojo. Saa moja, au mbili kwa nyama ngumu, basi. Ukilaza usiku kucha, nyama inakuwa kama uji na inavunjika kwenye kijiti. Tangawizi mbichi nayo inafanya kazi hiyo hiyo kwa nguvu ndogo.

Hatua ya 5: Sosi ya ukwaju

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inaokoa chakula chochote: viazi vya kuchemsha, bajia, samaki wa kukaanga, hata kuku wa jana. Loweka gramu 100 za ukwaju kwenye vikombe viwili vya maji ya moto kwa dakika 20, ufinyange kwa mkono, chuja. Chemsha juisi yake na vijiko viwili vya chakula vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko cha chai cha rojo na pilipili moja iliyopasuliwa, kwa moto mdogo, dakika kama 10, hadi ishike mgongo wa kijiko. Tumia sufuria ya chuma cha pua. Ukwaju ni mkali, unakula aluminiamu na kubaki na ladha ya bati.

Hatua ya 6: Samaki wa nazi

Kaanga kitunguu kimoja, kijiko cha rojo na nyanya mbili hadi mafuta yajitenge. Tia tui jepesi, lichemke dakika 10, kisha samaki uliyemkaanga. Tui zito linaingia mwisho, moto mdogo, ukikoroga taratibu. Likitokota kwa nguvu linakatika. Epua, ndipo ukamulie ndimu.

Maswali ya wanachama

Sina friji, dada. Nifanyeje?
Twanga la siku hiyo tu: punje nne za kitunguu saumu na kipande kidogo cha tangawizi. Nyama ukiinunua, itie chumvi na uipike ndani ya saa moja, hasa ukiwa maeneo ya joto kama Dar au Mombasa. Mapishi ya kulaza usiku kucha yaache.

Mimi samaki huwa namlaza kwenye ndimu asubuhi nikaanga jioni. Kuna ubaya?
Tindikali inaibana nyama yake, inakuwa nyeupe na kavu kama iliyokwisha kupikwa. Mpe dakika 15, zisizidi 30. Hiyo ni kwa sato na changu sawasawa.

Mtindi uliobaki baada ya kutoa kuku, naweza kuufanya sosi?
Hapana, umeshagusa kuku mbichi. Tenga kiasi pembeni kabla ya kupaka, hicho ndicho ule nacho. Kama umekosa, angalau uchemshe kwanza hadi utokote vizuri, ingawa utakatika.

Rojo langu limegeuka kijani. Nimwage?
Usimwage kama ni la ndani ya siku hizo 4. Kitunguu saumu kikikutana na kitu chenye tindikali kinaweza kubadilika rangi kuwa kijani au bluu, na hakidhuru. Ukiona ukungu, povu au harufu ya kuchacha, hapo limwage.

Mama yangu ana presha. Chumvi hii si nyingi?
Punguza nusu, halafu ongeza ukwaju au ndimu mezani. Uchachu unafanya ulimi usiitafute sana chumvi. Zile chumvi mbadala zenye potasiamu usimpe kabla ya kumuuliza daktari wake, hasa kama ana tatizo la figo.

Nipo Ujerumani, nazi nzima ni ghali. Tui la kopo linafaa?
Linafaa sana. Usilitikise kopo. Fungua, chota sehemu nzito ya juu uiweke kando kwa ajili ya mwisho, na majimaji ya chini ndiyo yawe tui lako jepesi. Soma karatasi ya kopo kwanza: mengine yana vitu vya kulishikanisha na hayajitengi. La namna hiyo gawa nusu kwa nusu, moja uichanganye na maji.