Kupata mipangilio ya kuanzia ya PostgreSQL kwa PGTune

PostgreSQL, programu ya kanzidata, ikisakinishwa huja na mipangilio ya tahadhari: shared_buffers (kumbukumbu inayotengewa data inayosomwa mara kwa mara) ni MB 128, hata kama mashine ina RAM ya GB 64. PGTune, ukurasa wa mtandaoni, hukupa namba za kuanzia. Haioni data yako. Inapiga hesabu ya ulichojaza tu. Kazi basi iko kwenye kujaza.

Tuchukue mashine ya GB 8 yenye SSD, Ubuntu na PostgreSQL 16, kwenye ofisi ya ushirika wa alizeti Dodoma. Mfumo wa kupokea mbegu unaendeshwa humo humo.

1. Endesha `free -h`. Ikiwa mfumo na Ubuntu vinakula karibu GB 4, jaza 4, si 8. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: zana huchukulia mashine nzima ni ya kanzidata. RAM ikiisha, Linux huua mchakato mmojawapo, na PostgreSQL huwa windo la karibu.

2. Chagua aina ya "web", diski SSD, miunganisho 50. Ukiacha nafasi ya miunganisho wazi, zana itakuwekea 200, na work_mem (kumbukumbu ya kazi kama kupanga data kwa mfuatano) itapungua bure.

3. Utapata shared_buffers GB 1, effective_cache_size GB 3, maintenance_work_mem MB 256, random_page_cost 1.1. Ile GB 3 isikutishe. Hailiwi, ni makadirio tu ya kuisaidia PostgreSQL kuchagua njia ya kutekeleza hoja (query).

4. Bandika matokeo kwenye `/etc/postgresql/16/main/conf.d/pgtune.conf`. Ukijutia, unafuta faili moja. Chunga herufi: `1GB` inakubalika, `1gb` inazuia seva kuwaka. Kama mtu aliwahi kubadili mpangilio uleule kwa amri ya ALTER SYSTEM, thamani iliyo kwenye `postgresql.auto.conf` ndiyo itakayotumika badala ya uliyoandika. Na fsync (inayohakikisha data imeandikwa kweli kwenye diski) usiizime kwa kutafuta kasi: umeme ukikatika, data inaweza kuharibika kabisa.

5. `sudo systemctl restart postgresql`. Reload haitoshi kwa shared_buffers na max_connections. Hakiki kwa `SHOW shared_buffers;`.

Inayobaki ya kuchezea ni work_mem. Hiyo ni kwa kila kazi ya kupanga data kwa mfuatano (sort) ndani ya hoja, si kwa kila mtumiaji. Miunganisho 50 yenye MB 64 ni zaidi ya GB 3 hata kama kila hoja inapanga mara moja tu. Weka `log_temp_files = 0` ili logi ionyeshe hoja zilizokosa nafasi ya work_mem zikaandika faili za muda kwenye diski, soma logi baada ya wiki ya kazi, kisha iongezee ripoti nzito peke yake kwa `SET work_mem`.