Kata trei ya mayai kufundisha kujumlisha hadi 20

Walimu wenzangu wa Gredi ya 1 na 2, hasa sisi wa huku Kisumu ambako trei tupu za mayai hazikosekani dukani: ziombeni. Trei ya mayai 30 ina safu 6 za mashimo 5. Ikate kila baada ya safu 2, upate vipande 3 vya mashimo 10. Mpe mtoto vipande viwili na vifuniko vya chupa, umwambie aweke 8. Ataona safu moja imejaa, ya pili ina 3, na mashimo 2 yako wazi. Sasa mwongezee 5: anaziba yale 2 kwanza, vifuniko 3 vinavyobaki vinaingia kipande cha pili, jibu ni 13 bila kuhesabu vidole. Hata yule mnyamavu hunyoosha kidole kuonyesha pengo, na hilo linanifurahisha sana. Kwa mtoto anayeruka namba kati ya 1 na 10 haisaidii. Huyo ahesabu kwanza kwa sauti akigusa kifuniko kimoja kimoja. Chukueni vifuniko vya plastiki, vya chuma vinakata. Maharagwe acheni kabisa, watoto huyatia puani.