Dizeli ya turbo inalala resi ikiwa chini: ninavyoipima hapa Mbeya

Mama mmoja anayebeba ndizi kutoka Tukuyu kuleta Mwanjelwa alinijia na pikapu yake, dizeli ya lita 2.5 yenye turbo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa turbo imekufa. Nataka unitafutie nyingine, ila usinipe ya bei ya kuniua."

Nikamuuliza gari linafanyaje hasa. Akasema akitoka Kiwira kupanda Isyonje na mzigo, gari linalala, anakanyaga halisikii, halafu ghafla linaamka na kukimbia. Hapo hapo nikamwambia asinunue kitu. Turbo iliyokufa haiamki. Tulimalizia kwenye kipande cha mpira wa vakyumu, yaani wa nguvu ya kunyonya hewa, kifupi kuliko mkono wangu, na turbo yake ni ile ile mpaka leo. Nimeandika njia niliyopita kwa sababu gari la aina hii linaletwa gereji karibu kila mwezi, na mara nyingi mwenye gari ameshatoa pesa kwa kitu kisichokuwa kibovu.

Kwanza ujue turbo yako ni ya aina gani. Injini za Toyota 1KZ hazina mapezi ya kusogea, yaani vibao vidogo vinavyoongoza moshi ndani ya turbo, zina kilango tu cha kupunguzia presha. 1KD ina mapezi, lakini yanasogezwa na mota ya umeme. Pikapu nyingine nyingi zina mapezi yanayovutwa na kopo la vakyumu, lile kopo la bati lililokaa ubavuni mwa turbo na kashina kembamba. Hizo ndizo ninazozungumzia. Resi ikiwa chini moshi ni mdogo, basi mapezi yanajibana ili moshi upite kwa kasi na kuizungusha turbo. Resi ikipanda yanafunguka. Kinachoyabana ni vakyumu. Vakyumu ikikosekana, mapezi yanabaki wazi na turbo inasubiri mpaka moshi uwe mwingi, kwenye mizunguko 2,500 hivi kwa dakika. Huko ndiko kuamka alikokuwa anakusema mama.

Hatua ya 1: Uliza linalala wapi

Likilala chini likaamka juu, tatizo liko kwenye hewa. Likivuta vizuri chini kisha likakata juu, anza na filta ya dizeli, na ujue pia kwamba mapezi yanaweza kuwa yameganda yakiwa yamefungwa. Usichanganye hizi mbili, zinakupeleka njia tofauti kabisa.

Uliza pia gari limetoka wapi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa yetu imepungua karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar es Salaam. Kabla turbo haijashika, injini yoyote hapa ni nzito kidogo. Mtu aliyefika jana kutoka pwani anaweza kudhani gari lake linaumwa kumbe ni zima. Swali zuri ni hili: kilima hiki hiki zamani ulikuwa unakipanda kwa gia gani? Mama alikuwa anapanda kwa tatu, sasa anarudi mpaka ya pili. Huo ni ugonjwa.

Hatua ya 2: Filta ya hewa na mipira mikubwa

Filta itoe uitazame, usiipige vumbi ukairudisha. Mipira ya kwenda na kurudi intakula (kipoza hewa ya turbo) ishike yote kwa mkono, hasa upande wa chini usioonekana. Palipolowa mafuta meusi yaliyoshika vumbi, hewa inatoka hapo. Ukiwa na wasiwasi, ziba mdomo wa turbo, ingiza upepo usiozidi bar 1, paka povu la sabuni.

Hatua ya 3: Tazama kashina

Mwambie mtu awashe gari wewe ukiwa unatazama kashina ka turbo. Likiwaka kanatakiwa kuvutwa mpaka mwisho, likizimwa karudi chini taratibu. Fanya likiwa la baridi, kisha rudia likiwa limechemka. Wengi wanafanya mara moja asubuhi wanaridhika. Pikapu ya mama ilivuta vizuri asubuhi. Baada ya kuizungusha Uyole na kurudi, kashina kakaishia katikati kakawa kanatetemeka.

Hatua ya 4: Pima vakyumu, na usiamini namba ya kitabuni

Hapa niliwahi kupoteza siku nzima na pesa ya mteja, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kifaa ninachokiamini ni pampu ya mkono ya vakyumu yenye geji. Kwa kazi hii naichagua kuliko mashine ya kusoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, kwa sababu mashine itakuambia presha ya turbo ni ndogo, jambo ambalo mwenye gari ameshakuambia bure. Chomoa mpira kwenye kopo, unganisha pampu, vuta taratibu. Kashina kapande bila kukwama, na sindano itulie palepale kwa dakika nzima. Ikishuka, kopo limetoboka. Ikitulia lakini kashina kanakwama katikati, mapezi yamejaa masizi, na hapo ndipo turbo inafunguliwa na kusafishwa. Kumwagia dawa ya kusafisha kwa mbele injini ikiwa inaunguruma siikubali hata kidogo.

Kopo likiwa zima, geuza geji upime kile kinacholetwa na pampu ya vakyumu ya injini. Na hapa ndipo penye mtego. Kitabu cha injini niliyokuwa naifanyia kazi siku ile kilitaka inchi 27 za zebaki. Geji yangu ikasoma 22. Nikahukumu pampu imechoka, mteja akanunua nyingine, nikafunga, geji ikasoma 22. Nikafungua tena nikidhani nimeuziwa mbovu. Jioni ndipo nikafikiria jambo ambalo ningelifikiria asubuhi: geji ya vakyumu inapima tofauti kati ya ndani ya mpira na hewa ya nje. Dar hewa ya nje ina inchi karibu 30. Mbeya ina kama 24 na nusu. Hata ungetoa hewa yote mpaka chembe ya mwisho, hapa geji haiwezi kufika 27. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari. Pampu iliyokuwa inabakiza inchi 3 kule inabakiza 3 hapa pia, kwa hiyo 21 au 22 kwa Mbeya ni pampu nzima kabisa. Pampu ya zamani niliirudisha kwenye gari na pesa ya mteja nikamrudishia.

Kupata namba ya mahali ulipo, washa swichi bila kuwasha injini, kisha soma presha ya hewa kwenye mashine. Mbeya mjini utaona kilopaskali (kPa) 82 au 83, Iringa 84 hivi, ukipanda Kawetere inashuka chini ya 80. Gawanya kwa 3.4 upate inchi, toa 3, hiyo ndiyo ya kutegemea. Sensa ya presha ya turbo nayo isome sawa na hiyo injini ikiwa imezimwa. Nimeona sensa nzima zikitupwa kwa sababu zimesoma 82 na fundi alitaka 100. Tena usichukue presha kwenye utabiri wa hali ya hewa wa simu, ile imeshageuzwa kuwa ya usawa wa bahari, itakuonyesha hektopaskali elfu moja na kitu, yaani kPa 100 na kitu, ukiwa hapa hapa Mwanjelwa.

Pampu ikileta vizuri lakini kopo halipati, fuata mpira sentimita kwa sentimita, kutoka pampu hadi solenoidi (vali ya umeme inayogawa vakyumu), kutoka solenoidi hadi kopo. Uukunje kila mahali. Wa mama ulikuwa mzima ukiutazama umenyooka. Nilipoukunja karibu na solenoidi, chini ya klipu, ukafungua ufa kama mdomo wa samaki, mwembamba, wenye kingo zilizokauka. Ukiwa wa baridi ulikuwa unajifunga wenyewe. Ukipata joto la injini unalainika na kuachia. Ndiyo maana asubuhi kashina kalivutwa.

Mpira mpya ununue wa vakyumu wenye ukuta mnene. Ule laini wa mafuta ukinyonywa unajibana na kuziba, halafu unarudi kuanza upya. Upitishe mbali na manifodi.

Hatua ya 5: EGR

Kama vakyumu iko sawa na linatoa moshi mweusi resi ikiwa chini, fungua EGR, vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, uone kama imeganda wazi. Isafishe.

Hatua ya 6: Barabarani

Tafuta kilima, gia ya tatu, mizunguko 1,500, kanyaga mpaka chini. Mashine ikiwa imeunganishwa, presha inayotakiwa na presha iliyopo zipande karibu pamoja. Sisi tulitoka Uyole kuelekea Isyonje, mama akiendesha mwenyewe na kreti mbili za soda nyuma. Ilipofika 1,800 turbo ilikuwa imeshashika. Nilimwambia arudi baada ya wiki, gari likiwa limetoka kupanda na mzigo na bado lina joto, niukunje ule mpira tena.